Meza ya Ofisa na Orodha ya Mkataba: Historia ya Kibali cha Kazi Kinachoombwa katika Viwanja vya Ndege vya Kanada

Kwa kawaida, ombi la kibali cha kazi hutangulia safari: mwajiri huwasilisha maombi, ofisi ya uhamiaji huamua, kisha mfanyakazi hufunga mizigo. Kibali cha TN, ambacho raia wa Kanada hupewa ili afanye kazi Marekani, kimeupindua utaratibu huo. Mwombaji anaweza kufika uwanja wa ndege siku ya safari akiwa na pasipoti, barua ya mwajiri na vyeti vya taaluma, na ofisa wa Marekani akatoa uamuzi papo hapo. Insha hii inatetea hoja kwamba wepesi huo haukuyapunguza mamlaka ya mpaka. Uliyahamisha kutoka ofisini na kuyakabidhi kwa ofisa aliye mezani.

Utaratibu huu umetokana na historia mbili. Ya kwanza ni ya ukaguzi. Mwaka 1952 maofisa wa Marekani walianza kuwakagua abiria mjini Toronto kabla hawajapanda ndege, na mwaka 1974 nchi hizo mbili zikatia saini mkataba kuhusu ukaguzi huo. Historia ya pili ni ya biashara. Mkataba wa biashara huria baina ya Kanada na Marekani, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1989, uliwafungulia mlango wanataaluma. Tarehe 1 Januari 1994 nafasi yake ilichukuliwa na Mkataba wa Biashara Huria wa Amerika Kaskazini, ulioijumuisha Meksiko.

Hata hivyo, mlango huo haukuwa na upana mmoja kwa wote. Raia wa Meksiko waliwekewa kikomo cha vibali 5,500 kwa mwaka hadi mwanzoni mwa 2004, na hata baada ya kikomo hicho kuondolewa waliendelea kutakiwa kupata viza ubalozini. Aidha, mkazi wa kudumu wa Kanada ambaye si raia hastahili kibali hiki, hata akiwa na shahada na ajira sawa na za jirani yake aliye raia. Kinachofungua mlango ni uraia kwanza, taaluma baadaye.

Taaluma nayo hupimwa kwa orodha ya mkataba. Orodha hiyo inamtaja mchanganuzi wa mifumo ya kompyuta, lakini haimtaji mtayarishaji wa programu. Mkataba mpya ulioanza tarehe 1 Julai 2020 uliirithi orodha hiyo, ilhali kazi zenyewe zilikuwa zimebadilika sana. Hivyo basi, ofisa hulazimika kuamua kama kazi ya leo inaingia katika jina la jana. Mshauri wa usimamizi, kwa mfano, anaweza kukubaliwa kwa uzoefu wa miaka 5 bila shahada. Uzito wa ushahidi wake hutegemea anayeusoma.

Mwombaji anayekataliwa Toronto bado yumo nchini mwake, na anaweza kurudi nyumbani na kujaribu tena siku nyingine. Lakini ndege humwacha, na kukataliwa huko hubaki katika kumbukumbu. Hata kuondoka kwa hiari kumewekewa masharti: chini ya sheria ya Kanada iliyoanza kutumika Agosti 2019, msafiri anayeamua kuachana na safari akiwa katika eneo la ukaguzi anaweza kutakiwa kujitambulisha na kueleza sababu ya kujiondoa.

Mwaka 2008 muda wa juu wa kibali uliongezwa kutoka mwaka 1 hadi miaka 3. Nyongeza hiyo ilipunguza idadi ya mara ambazo mfanyakazi hulazimika kurudi mbele ya meza ile. Haikubadili kinachotendeka mezani. Mkataba ulitoa haki kwa raia wa nchi nzima, lakini haki hiyo huthibitishwa kwa mtu mmoja mmoja, katika muda mfupi kabla ya ndege kuondoka.