Skizofrenia: Alama za mwilini zinazotafutwa ili ugonjwa utambuliwe mapema

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili unaowaathiri zaidi ya watu milioni 20 duniani, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO. Mgonjwa huweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii au kushikilia imani zisizo na msingi. Aghalabu dalili huanza katika ujana.

Hadi sasa hakuna kipimo cha damu wala cha picha ya ubongo kinachoweza kuuthibitisha. Daktari hutegemea mazungumzo na mgonjwa pamoja na maelezo ya jamaa zake. Hivyo ugonjwa mara nyingi hugunduliwa wakati masomo au kazi vimekwisha kuvurugika, na kadiri matibabu yanavyochelewa ndivyo nafuu inavyokuwa ngumu kupatikana.

Ndiyo sababu wanasayansi wanatafuta alama za kibiolojia. Mwaka 2016, watafiti nchini Marekani waliuhusisha ugonjwa huo na jeni iitwayo C4, inayochangia kupunguzwa kwa viunganishi vya seli za ubongo. Mwaka 2022, utafiti wa kimataifa ulibainisha sehemu 287 za vinasaba zinazohusiana nao. Hata hivyo, hakuna hata moja inayotosha peke yake kutabiri nani ataugua.

Data nyingi zilitoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Ili kuziba pengo hilo, mradi wa NeuroGAP-Psychosis umekusanya sampuli nchini Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini. Kipimo kingali kinasubiriwa, lakini dawa zipo. Kumfikisha mgonjwa hospitalini mapema kunabaki mikononi mwa jamaa zake.