Sauti Nyuma ya Mlango

Mwezi wa Aprili 1841, katika jarida la Graham's Magazine mjini Philadelphia, Edgar Allan Poe alichapisha hadithi ya mama na binti yake waliouawa ndani ya nyumba moja ya Paris. Wengi huihesabu kuwa hadithi ya kwanza ya upelelezi. Watu waliokimbilia mayowe walisikia sauti mbili ghorofani: moja nzito, ya Mfaransa bila shaka, na nyingine kali. Kuhusu hiyo ya pili kila shahidi alikuwa na lake. Mholanzi alisema ni ya Mfaransa, na Kifaransa hakijui. Mwingereza alisema ni ya Mjerumani, na Kijerumani hakijui. Mhispania alishikilia kuwa ni ya Mwingereza. Mtaliano akasema ya Mrusi, hali hajapata kuzungumza na Mrusi maishani mwake. Dupin, mpelelezi, aliposoma ushahidi huo gazetini alitambua kwamba hapana hata mmoja aliyeweza kutaja neno lililotamkwa na sauti ile. Ilikuwa sauti ya mnyama.

Tangu siku hiyo ya kwanza, basi, hadithi za aina hii zimekuwa zikiuliza nani kasikia nini, na kwa sikio gani. Ajabu ni kuwa Poe mwenyewe hakuwa hodari wa mazungumzo. Dupin hunena kama khatibu aliyepanda mimbari, na rafiki yake hukaa chini akasikiliza. Arthur Conan Doyle, alipowaleta Sherlock Holmes na Daktari Watson mwaka 1887, alimpa msikilizaji huyo ulimi. Watson huuliza lile ambalo msomaji angeliuliza, na aghalabu hukosea kama msomaji angelikosea.

Aliyeufikisha ufundi huu mbali zaidi ni Agatha Christie, katika The Murder of Roger Ackroyd cha 1926. (Asiyekisoma na airuke aya hii.) Tajiri anakutwa amechomwa kisu chumbani mwake. Katibu wake anashuhudia kwamba saa tatu na nusu usiku alimsikia akizungumza na mtu nyuma ya mlango, akikataa kumpa fedha. Kwa hiyo saa hiyo alikuwa hai. Wote wanatafuta nani alikuwa akizungumza naye. Poirot anayatazama maneno yenyewe. Ni maneno ya barua: yamepangika, yana adabu ya karani, na hapana binadamu amwambiaye mwenziwe hivyo uso kwa uso. Ile ilikuwa sauti iliyohifadhiwa katika mashine ya kurekodia, na mwenyewe alikwisha kufa. Ushahidi wote umelala katika mtindo wa sentensi moja, na sentensi hiyo msomaji amepewa mapema, mchana kweupe.

Unguja iliingia katika historia hii kupitia Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918, mwandishi wa magazeti na mhariri. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, ukatoka kitabu mwaka 1960. Bwana Msa ana kiko kama Holmes, na Najum wa kumsindikiza kama Watson, na wahakiki wengi wameishia hapo. Hawakutega sikio. Mazungumzo ya Bwana Msa ni ya barazani: yana salamu, mzaha, mzunguko, neno la kutupwa kando likasahauliwa, kisha likarejewa. Mtu wa visiwani haulizwi jambo kwa kukabiliwa. Anayekabiliwa hufunga mdomo. Anayeachiwa azungumze hujisema mwenyewe. Abdulla alilijua hilo, na hapo ndipo alipoacha kuwa mwanafunzi wa Conan Doyle.

Kiswahili nacho kina siri ambazo Kiingereza hakina. Shahidi wa Kiingereza akisema mtu aliingia, neno linalofuata humlazimu aseme kama ni mwanamume au mwanamke. Shahidi wa Kiswahili aweza kusimulia usiku kucha: aliingia, alikaa, alilia, alitoka, asidanganye hata neno, na hakimu asijue bado ni mume au mke. Vilevile shikamoo iliyokosekana, au mkaazi wa mjini aliyeponyokwa na neno la Kikae, ni alama nzito kuliko jivu la sigara. Hivyo ni vya kusikitisha kuona riwaya za upelelezi ambamo jambazi, bibi na polisi wote huzungumza kama taarifa ya habari. Msomaji amenyang'anywa sikio lake, na mtunzi amejinyima nusu ya zana.

Hatari kubwa zaidi humkabili mfasiri. Maneno ya yule tajiri wa Christie, mfasiri mwenye kalamu laini atayatengeneza yawe Kiswahili kitamu cha mdomoni, maana ndivyo alivyofundishwa kwamba mazungumzo yawe ya asili. Akifanya hivyo ameufuta ushahidi, na Poirot ataonekana mpiga ramli. Dawa iko karibu: barua zetu za pwani zina lugha yao, isiyotamkwa na mtu yeyote mezani. Lakini marehemu akianza kwa "ama baada ya salamu", msomaji wa Unguja atamvua kofia muuaji kabla ya kugeuza ukurasa. Pengine "nasikitika kukuarifu" yatosha. Ni rasmi kidogo tu, na katibu aliyekuwa akipita nyuma ya mlango angeweza kuyasikia asisimame.