Ng'ombe, Damu na Swali la Baba huko Mvara

Filamu ya vichekesho Father's Day ya mwaka 1997 inawaweka Robin Williams na Billy Crystal mbele ya kijana mmoja, kila mmoja akiambiwa ni mwanawe. Ilichukuliwa kutoka Les Compères ya Ufaransa ya 1983. Haikurudisha gharama zake, na wahakiki wengi waliiona dhaifu. Kwangu udhaifu wake ni kulichukulia swali la baba kuwa swali la damu tu, hadi mwishoni kijana mwenyewe anapomwambia kila mmoja kwamba ndiye babake. Walugbara, watu wa eneo la Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, walianzia hapo ilipoishia filamu. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyewatafiti kuanzia 1949, alieleza koo za kuumeni ambamo mahari ya ng'ombe ndiyo yaliyowapa mume na ukoo wake haki juu ya watoto. Ubaba ulikuwa jambo la hadharani, lenye mashahidi. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Arua 1918, na Mvara, mjini humo, ikawa kituo chao. Walileta ndoa ya kanisani, lakini mahari hayakukoma.

Atasema mtu kwamba desturi hiyo ilificha ukweli na kumpima mwanamke kwa mifugo. Hilo la pili ni zito, nalikubali. La kwanza silikubali. Gumzo la vipimo vya DNA lilipopamba moto Uganda mwaka 2023, maabara iliweza kusema nani alimzaa mtoto. Haikuweza kusema nani atamlipia karo. Wanaume wa Arua na Koboko jirani, kabla ya kwenda maabara, waulizeni wazee wenu.