Mbio za Nyambui, Moscow 1980

Mbio za Nyambui ni fainali ya mita 5,000 kwa wanaume ya Michezo ya Olimpiki ya Moscow, iliyofanyika tarehe 1 Agosti 1980. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita katika mkoa wa Mara, Tanzania, alitwaa medali ya fedha kwa dakika 13:21.60, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Siku iliyotangulia, Mtanzania mwenzake Filbert Bayi alipata fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Baadaye Nyambui alishinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988. Wapenzi wa riadha wangali wanazikumbuka mbio hizo za Moscow: hadi Paris 2024, Tanzania haikuwa na medali nyingine ya Olimpiki zaidi ya hizo mbili.