Lazeri ya uso: mambo ya kujua mbele ya kukubali

Lazeri ni mwangaza wenye nguvu. Ile ya CO2 inaondoa ngozi ya juu ya uso ili ingine mpya iote. Inapunguza makovu ya chunusi na mikunjo, lakini haifuti yote. Siku za kwanza uso unavimba, unauma, unatoa majimaji na vigaga. Kupona kunaomba juma 1 ao 2. Wekundu unaweza kubakia miezi.

Wenye ngozi nyeusi wako na hatari zaidi: alama nyeusi zinaweza kubaki pale lazeri ilipita. Basi uliza munganga wa ngozi kama amekwisha kutibu ngozi kama yako, na ajaribu kwanza pahali padogo. Umwambie pia kama unapaka mafuta ya kujichubua. Kisha usibandue vigaga, na ujikinge na jua.