Kumega Data Bila Kuipoteza

Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Miaka minne kabla ya hapo, Geita ulikuwa umemegwa kutoka Mwanza, Kagera na Shinyanga. Hakuna aliyehitaji kamusi kuelewa taarifa hizo. Kumega ni neno la mezani, la mtu na tonge lake la ugali, na ni neno la serikalini pia mipaka inapochorwa upya. Kote linabeba maana moja: sehemu inatoka katika kizima, lakini inabaki kuwa kitu kile kile. Ugali uliomegwa ni ugali, na Songwe ni Tanzania kama Mbeya ilivyo Tanzania.

Kwa sababu hiyo napendekeza umegaji liwe jina la kazi ambayo wasanifu wa hifadhidata huifanya pale taasisi yenye ofisi mikoani inapoamua kwamba data yake isikae yote makao makuu. Maneno mengine yamejaribiwa. Mgawanyo ni pana mno. Tunalo tayari katika mgawanyo wa mapato na mgawanyo wa madaraka, na linamfanya msomaji afikiri kila mmoja kachukua fungu lake na kwenda zake. Mpasuko lina harufu ya ugomvi. Uvunjaji ndilo baya kuliko yote, maana chungu kikivunjika hubaki vigae, na vigae havirudi kuwa chungu. Data iliyomegwa sharti iweze kurudi kuwa nzima, na sharti hilo ndilo roho ya dhana yenyewe.

Tuitazame kazi kwa karibu. Tangu Edgar Codd alipochapisha makala yake ya mwaka 1970, hifadhidata nyingi hupangwa kwa majedwali yenye safu mlalo na safu wima. Chukua chama cha akiba na mikopo chenye ofisi Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Jedwali la wanachama lina namba ya uanachama, jina, mkoa, simu, akiba na deni. Karani wa Mwanza karibu siku nzima anawahudumia watu wa Mwanza. Kwa nini kila anapotaka salio la mvuvi aliyesimama dirishani aulize seva iliyo mamia ya kilomita kutoka alipo, au iliyo ng'ambo ya bahari? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu baharini kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Ofisi ambayo data yake iko chumba cha pili huendelea kuhudumia watu siku kama hiyo.

Basi tunamega. Umegaji mlalo huchukua safu mlalo nzima nzima: wanachama wa Mwanza wakae Mwanza, wa Mbeya wakae Mbeya. Kuzirudisha pamoja ni muungano, kwa maana ile ile ya somo la seti darasani. Umegaji wima hupita upande wa pili. Jina, mkoa, simu na akiba hubaki tawini, na safu wima nyeti, tuseme deni la mwanachama, huhifadhiwa makao makuu peke yake. Tangu Tanzania ilipotunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, umegaji wa aina hii una sababu moja zaidi ya kufikiriwa. Ila kila kipande lazima kibebe namba ya uanachama. Kikiikosa, hakuna atakayejua deni lipi ni la nani.

Stefano Ceri na Giuseppe Pelagatti, katika kitabu chao cha mwaka 1984 kuhusu hifadhidata zilizosambazwa, waliweka masharti matatu ambayo mimi nayaita ukamilifu, urejeshekaji na kutoingiliana. Kila kilichokuwemo katika jedwali kionekane katika kipande fulani; vipande viweze kurejesha jedwali zima; na data ile ile isikae katika vipande viwili, isipokuwa ule ufunguo, yaani namba ya uanachama, katika umegaji wima.

Hapo ndipo Songwe inaporudi. Msanifu aliyemega kwa kigezo cha mkoa, akaandika Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya, alikuwa sahihi hadi mwaka 2015. Karani wa Mbeya anapobadili neno moja kwenye rekodi ya mkulima wa kahawa wa Mbozi, Mbeya ikawa Songwe, rekodi hiyo haina tena kipande cha kukaa. Programu makini itaikataa. Programu iliyoandikwa kwa haraka itaiondoa Mbeya na isiipeleke popote, na mkulima atakuja kuuliza akiba yake aambiwe hayumo. Sharti la ukamilifu limevunjwa na hakuna hata waya uliokatika. Ingekuwa heri kumega kwa kigezo cha tawi linalomhudumia mwanachama, kwa kuwa tawi ni uamuzi wa chama chenyewe, ilhali mipaka ya mikoa huamuliwa na wengine.

Kuna istilahi jirani inayopotosha zaidi. Wataalamu husema mtumiaji hapaswi kujua data imemegwa vipi wala iko wapi. Yeye aulize kana kwamba jedwali ni moja. Neno la Kiingereza la sifa hiyo ndilo lile tulilozoea kulitafsiri uwazi katika habari za utawala bora, na nimeona likiandikwa uwazi hata katika maandishi ya kompyuta. Msomaji anaelewa kinyume kabisa, kwamba mtumiaji anaonyeshwa kila kitu. Kinachofanyika ni kusitiri: mfumo unasitiri vipande ili karani asisumbuke navyo. Usitiri wa umegaji, usitiri wa mahali. Maneno haya yanasema kazi inayofanyika.

Ewe unayeandika mwongozo wa mfumo kwa ajili ya makarani wa mikoani, andika umegaji, kisha mstari unaofuata utaje kigezo ulichotumia kumega, ili atakayerithi kazi yako ajue wapi pa kutazama siku mkoa mwingine utakapomegwa.