Mitihani Mingapi Inatosha?

Ukikaa Thorncliffe Park muda wa kutosha utaulizwa swali hili, kwenye lifti au ukisubiri basi pale Overlea: "Kaka, mtoto afanye mitihani mingapi ili apate chuo?" Anayeuliza huwa tayari ana idadi yake kichwani, aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Mtanzania atasema mitatu, maana kidato cha sita alisoma mchepuo wa masomo makuu matatu, PCM au HGL. Mkenya wa KCSE, mtihani ulioanza 1989, atasema saba au minane.

Idadi hizo zina historia. Sisi tulirithi mitihani ya Cambridge. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa 1971, Kenya ikaanzisha baraza lake 1980, na kila nchi ikabaki na mtihani wake wa taifa wa kuamua nani anaendelea. Mwaka huohuo wa 1967 Ontario ilikuwa inakwenda njia nyingine: ilifuta mitihani ya jimbo ya gredi ya 13. Tangu hapo vyuo vikuu vyake vikategemea alama za shuleni. Gredi ya 13 yenyewe ilikwisha 2003, na leo hutazamwa masomo sita ya gredi ya 12.

Kwa hiyo jibu la pale kwenye lifti ni sifuri. Wengi hawaniamini. Mzazi aliyewahi kusubiri matokeo yabandikwe ukutani hakubali upesi kwamba zoezi la darasani la mwezi Oktoba lina uzito wowote.

Sifuri hiyo ilikuwa haitoshi mtoto akitaka kwenda Marekani. Huko kulikuwa na mitihani ya masomo ya SAT, iliyoanza 1937 kwa jina jingine. Kila mmoja ulichukua saa moja, alama 200 hadi 800, na mtu aliruhusiwa kufanya isiyozidi mitatu kwa siku.

Mwaka 2009 binti wa dada yangu, aliyekuwa akiishi nasi, alitaka University of California. Chuo kilidai mitihani miwili, ya masomo tofauti. Mimi nikasema minne: hesabu, fizikia, kemia, biolojia. Mtu wa PCM, tena injinia, nani angenibishia? Dada alituma pesa ya ada. Mtoto akafanya mitatu asubuhi moja. Wa mwisho ulikuwa kemia, somo alilolipenda kuliko yote, na ndio uliomwangusha. Ubaya zaidi, wiki zote za kujiandaa alama zake za shule zilikuwa zinashuka, nazo ndizo zilizotazamwa na vyuo vya pande zote mbili za mpaka. California hakupata. Dada hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilinikera kuliko kulaumiwa.

Walioingia chuo hicho mwaka 2012 hawakudaiwa tena mitihani hiyo. Januari 2021 College Board ikatangaza kuifuta. Kwa sisi tulio nje ya Marekani ya mwisho ilikuwa Juni mwaka huo.

Juzi jirani mmoja alitukuta kwenye lifti, akaniuliza kuhusu mitihani ya AP: mwanawe afanye mingapi? Kabla sijafungua mdomo binti yule, sasa mtu mzima mwenye kazi yake, akamuuliza, "Shikamoo mama. Chuo kimetaka mingapi?"